Maziwa asubuhi, pesa lini? Ushirika, mchuuzi, Sacco na benki kwa mfugaji wa Njoro

Jirani yangu hapa Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya, ana ng'ombe wawili wanaokamuliwa na mmoja aliyekauka. Juzi alisikia kuna mtamba wa Friesian mwenye mimba anauzwa Mau Narok kwa shilingi 120,000. Jumapili jioni akaja kwangu na daftari la mtoto wake, akavuta stuli jikoni, akasema: "Mwalimu, nipigie hesabu. Nikope Sacco, benki, chama ama simu? Na maziwa niendelee kupeleka ushirika ama nimpe yule kijana wa pikipiki?"

Nilifundisha hesabu miaka mingi, kisha nikakaa miaka mitatu kwenye kamati ya usimamizi ya ushirika mmoja wa maziwa, kwa hiyo watu hudhani jibu liko mfukoni mwangu. Nilimuuliza tu: "Mama, hizo pesa unazitaka lini, na utaanza kuzirudisha lini?" Swali halikumfurahisha, alikuja kutafuta asilimia. Lakini milango yote aliyoitaja, kuanzia Sacco (chama cha akiba na mikopo) hadi kijana wa pikipiki, inauza bidhaa moja, nayo ni muda. Tofauti ni bei yake, na pale bei hiyo ilipofichwa.

Maziwa: ushirika au pikipiki

Kijana wa pikipiki anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapima kwa kikombe cha lita, analipa papo hapo au jioni kwa M-Pesa. Ushirika unapokea maziwa barabarani. Karani anapima kwa mizani, anatumbukiza lakitomita kuona kama yameongezwa maji, na siku nyingine anafanya kipimo cha alkoholi kujua kama yameanza kuchacha. Anaandika kwenye kadi, na pesa zinakuja baada ya mwezi kwisha, mara tarehe tano, mara tarehe kumi na mbili. Kwa mzazi ambaye mtoto amefukuzwa shule kwa karo, mchuuzi ni malaika.

Na bei yake huonekana nzuri zaidi, hasa Januari na Februari. Hapo ndipo wengi huhama. Nilimfanyia jirani hesabu ya mfano, na mtu yeyote anaweza kubadilisha tarakimu aweke zake. Tuseme ushirika unalipa shilingi 45 mwaka mzima. Mchuuzi analipa 52 miezi minne ya kiangazi, 38 miezi mitano ya mvua wakati maziwa yamejaa kila mahali, na 45 miezi mitatu iliyobaki. Ukichukua tu wastani wa bei hizo, zinakaribiana. Lakini ng'ombe hatoi maziwa kwa wastani. Kiangazi, majani ya nepia yamekauka, anatoa lita 16 kwa siku. Mvua ikinyesha anafika 24. Miezi mingine 20.

Kwa mchuuzi: kiangazi 99,840, mvua 136,800, miezi mingine 81,000. Jumla 317,640. Kwa ushirika: 86,400, kisha 162,000, kisha 81,000. Jumla 329,400. Tofauti ni 11,760, upande wa ushirika, kabla ya bonasi yoyote. Mchuuzi anakupa bei nzuri wakati huna cha kumuuzia. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake, na asubuhi yenye tope yeye ndiye hufika kwenye boma ambalo lori la ushirika limelikimbia. Ninachosema ni kwamba bei ya Januari usiitumie kuchagua soko la mwaka mzima.

Hata hivyo hesabu hii ina mfuko uliotoboka, nami niliuona nikiwa ndani ya kamati. Ile 45 si 45 ikifika mkononi. Kuna shilingi ya usafiri, kuna ya hisa, kuna ya kitu kinachoitwa "maendeleo" ambacho hakuna mtu anayeweza kukuonyesha kimejengwa wapi. Kisha mizani. Karani wetu mmoja alikuwa na mazoea ya kushusha: kilo 7.8 anaandika 7.5. Kwa mkulima mmoja ni kikombe cha chai. Kwa wakulima mia nne kila asubuhi ni lita mia moja na ushee zisizo na mwenyewe, na maziwa yasiyo na mwenyewe hayakosi mnunuzi. Ilituchukua miezi saba kulifikisha jambo hilo kwenye mkutano, na aliyeligundua hakuwa mkaguzi wa hesabu. Alikuwa mama mmoja aliyenunua mizani yake mwenyewe, akawa anapima nyumbani kabla ya kutoka.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha ushirika na mchuuzi, chukua stakabadhi yako ya mwezi uliopita, gawa pesa ulizopokea kwa lita ulizokamua kwa mizani yako. Hiyo ndiyo bei yako. Yangu mwezi mmoja ilitoka 39 na senti.

Upande wa pili wa mizani uko duka la ushirika. Unachukua unga wa ng'ombe, chumvi, dawa ya minyoo, hata kupandishiwa ng'ombe kwa sindano, vyote kwa kukatwa kwenye maziwa. Huo ni mkopo, ingawa hakuna anayeuita hivyo, na kwa kawaida hauna riba. Riba mara nyingine hukaa kwenye bei ya gunia: linganisha na maduka ya Njoro mjini kabla ya kusema ni bure.

Lakini kitu kikubwa ambacho ushirika unakupa na mchuuzi hawezi kukupa ni karatasi. Kadi ya maziwa ya miezi kumi na miwili ndiyo hati ya mshahara ya mkulima. Mwalimu akienda kukopa anatoa hati ya mshahara. Mfugaji anayemuuzia kijana wa pikipiki anatoa nini? Anaweza kuwa na lita 30 kila siku na bado mbele ya afisa wa mikopo akaonekana mtu asiye na kazi. Hapa ndipo maswali mawili ya jirani yangu yanapofungwa kamba moja.

Mkopo wa 120,000, mlango kwa mlango

Sacco nyingi bado zinakopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, na kiwango cha juu ni mara tatu ya amana zako. Kwa 120,000, jirani anahitaji amana za 40,000. Akilipa kwa miezi 24, 5,000 za mkopo wenyewe kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 1,200, ya mwisho ni 50, na jumla ya riba yote ni 15,000. Kwa benki tuseme asilimia 16 kwa mwaka kwa utaratibu huohuo: riba ni 20,000, na ada za kuanzisha mkopo zikiwa asilimia 3 ni 3,600 juu yake. Tofauti ni kama shilingi 8,600. Ni pesa, lakini si ile tofauti ya mbingu na ardhi ambayo watu husimulia.

Kuna neno la kuwa nalo makini mahali popote unapokopa. Muulize afisa: riba ni ya salio, au ni ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Asilimia 12 kwa mwaka juu ya mkopo wote, kwa miaka miwili, ni 28,800. Asilimia ni ileile iliyoandikwa ukutani, mzigo karibu maradufu.

Sasa muda. Jirani hana zile 40,000. Akiweka 3,000 kwa mwezi, atafika baada ya miezi 14. Mtamba wa Mau Narok hatamsubiri. Hii ndiyo bei halisi ya mkopo wa Sacco, na haiandikwi popote: mwaka mmoja na ushee wa kungoja. Kwa anayepanga mapema, kama mwalimu anayekatwa kwenye mshahara tangu mwezi wa kwanza wa kazi, bei hiyo hailipwi kamwe, kwa sababu akiba ilikuwa inaingia hata alipokuwa hana haja nayo. Ndiyo maana Sacco zenye nguvu huku kwetu zilianza kwa walimu: Cosmopolitan ya Nakuru, Ng'arisha ya Bungoma, Invest and Grow ya Kakamega, zote zilikuwa za walimu kabla ya kuwafungulia wakulima na wafanyabiashara. Mshahara unaokatwa kabla haujamfikia mwenyewe ni mdhamini asiyechoka.

Benki haikungojeshi mwaka. Inakungojesha kwa namna nyingine. Shamba la jirani liko kwenye jina la baba mkwe, ambaye alifariki na mirathi haijafanywa. Hata kama lingekuwa na jina la mume wake, kuweka shamba la kilimo rehani kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi na idhini ya mwenzi. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya mwaka 2017 hata ng'ombe anaweza kuwa dhamana, lakini meneja wa tawi bado anapenda kitu kisichoweza kuugua. Atakachokuuliza kwanza ni mwendo wa pesa kwenye akaunti kwa miezi sita au kumi na miwili, na tunarudi palepale: zimepita wapi? Kama malipo ya maziwa yalikuwa yakiingia benki au FOSA ya Sacco (kaunta yake ya kuweka na kutoa pesa kama benki), mazungumzo ni mafupi.

Chama chao kina akina mama kumi na watano, elfu moja kila mwezi, pesa zinawekwa mezani na kukopwa hapohapo mezani kwa asilimia 10 kwa mwezi. Ukiisikia hiyo riba unashtuka, na kwa mkopo wa mwaka ni wizi, lakini kumbuka Desemba zinagawanywa na riba uliyolipa inarudi kwa kina mama hao, wewe ukiwa mmoja wao. Kwa 10,000 ya wiki tatu kununua unga wa ng'ombe, chama kinashinda wote. Kwa 120,000 chungu chenyewe hakina hizo pesa; akichukua zote, wenzake kumi na wanne watalala njaa ya mkopo. Kama bado hamjasajili, sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na bila cheti hicho benki na mifuko ya serikali hazitawafungulia mlango.

Simu nilimwambia aisahau kwa ng'ombe. M-Shwari, iliyoanza 2012, hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 kabla ya ushuru. Mtamba anayezaa baada ya miezi mitatu hawezi kulipa deni la siku 30. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu, ni nafuu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi ni wa siku 14. Hizo ni pesa za kupitisha usiku, si za kununua kitu kinachokula kwanza ndipo kitoe.

Shingo za wadhamini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa Sacco hunyamaza.

Amana za 40,000 zinafunika theluthi ya mkopo wa 120,000. Theluthi mbili zilizobaki zinafunikwa na wadhamini, wanachama wenzako wanaoweka sahihi kwamba usipolipa, amana zao zikatwe. Mkopo wa Sacco ni rahisi kwa sababu hatari yake imebebwa na majirani badala ya benki. Hakuna aliyeipunguza hatari hiyo. Imehamishwa tu, kutoka kwenye jengo la Kenyatta Avenue hadi kwenye jikoni za watu.

Mwaka 2014 niliweka sahihi kwa mwenzangu wa shule moja, mtu tuliyekula naye mwezi mtukufu na Krismasi. Akahamia pwani, simu ikawa haipatikani. Sacco haikunitukana wala haikunitafuta. Ilinitumia barua fupi kwamba 46,000 zimetolewa kwenye amana zangu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mdhamini anaalikwa kwenye matanga tu, harusi hakuiona. Na kibaya zaidi, ukiwa umemdhamini mtu huwezi kujitoa kwenye Sacco mpaka amalize deni au apate mdhamini mwingine, hata kama umeshatoa notisi yako ya siku 60.

Jirani aliuliza: "Kwa hivyo mwalimu, nikiombwa nikatae?" Nilimwambia akubali wale anaojua pesa zao zinapitia wapi. Mtu anayepeleka maziwa ushirika mmoja na wewe, malipo yake yakipitia Sacco ileile, deni linakatwa kabla hajalishika. Mwenye duka linalofungwa na kufunguliwa, mpe chai, usimpe sahihi.

Jambo moja la kufariji: Sacco nyingi hukata bima ya mkopo, hivyo mkopaji akifariki deni linafutwa na wadhamini wanaachiliwa. Ng'ombe akifa, deni liko palepale. Kwa hiyo bima ya ng'ombe mwenyewe iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, ama ujue umebeba hatari hiyo kichwani mwako.

Zikianguka, nani hulipa?

Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu za Kenya zilifungiwa milango: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank. Walioweka kidogo walikuwa na shirika la bima ya amana, ambalo wakati huo lililipa hadi 100,000 kwa kila mteja. Tangu Julai 2020 kiwango ni 500,000. Kwa mfugaji wa Njoro hiyo ina maana karibu pesa zake zote benki zimefunikwa.

Bima hiyo haifiki kwenye Sacco. Sheria ya Sacco ya 2008 iliandika habari za mfuko wa kulinda amana za wanachama, hadi 100,000 kwa mtu, lakini kinachokulinda leo kwa vitendo ni usimamizi wa SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia Sacco. Sacco inayopokea amana za kutoa na kuweka kama benki lazima iwe na leseni ya SASRA na mtaji wa msingi usiopungua milioni 10. Nchi nzima ziko zaidi ya 170 za aina hiyo. SASRA hutangaza majina yao kila mwaka. Jina likikosekana, usiamini kalenda nzuri iliyotundikwa ofisini. Kanuni za mwaka 2020 zilivuta pia Sacco zisizo na kaunta ambazo amana zake zimepita milioni 100. Ndogo kuliko hizo ziko chini ya kamishna wa ushirika, na huyo ana mengi ya kuangalia.

Hata leseni si kinga kamili. Ripoti ya ukaguzi iliyojulikana 2025 ilionyesha shilingi bilioni 13.3 hazikuwa mahali pake KUSCCO, chama kikuu cha Sacco kilichoanzishwa 1973. Mkulima wa Molo pengine hakuwahi kulisikia jina hilo, lakini Sacco yake huenda ilikuwa imeweka akiba huko. Tangu hapo mimi nina swali moja kwenye kila mkutano mkuu: pesa ambazo hamjatukopesha sisi mmezikopesha nani? Ukiona mwenyekiti anatafuta karatasi kwa muda mrefu, andika tarehe.

Jina lisikudanganye

Nimesikia watu wakisema "mimi niko ushirika" kwa sababu wana akaunti ya Co-operative Bank. Benki hiyo ilisajiliwa 1965, ikaanza kazi ya benki 1968, na Desemba 2008 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa la Nairobi. Vyama vya ushirika bado vinamiliki karibu asilimia 65 kupitia kampuni yao ya pamoja, hivyo faida inarudi kwenye vyama. Lakini mteja wa kaunta ni mteja kama wa benki nyingine yoyote: hana kura, na kwa upande wa heri, ana bima ya 500,000.

New KCC (Kenya Co-operative Creameries), kampuni ya kusindika maziwa, nayo jina lina ushirika ndani yake. Ile KCC ya zamani ilianzishwa na walowezi 1925, wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa hata kuwa mwanachama. Sheria iliyofungua vyama kwa Waafrika ilikuja 1945. Baada ya kuporomoka miaka ya tisini ikauzwa kwa watu binafsi, kisha serikali ikairudisha 2003. Leo ni shirika la serikali. Ukiipelekea maziwa moja kwa moja wewe ni muuzaji, huna kura. Ukiyapeleka kupitia ushirika wako wa kijijini unayo kura moja, sawa na tajiri mwenye ng'ombe sitini, na sheria hairuhusu mtu mmoja kumiliki zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Nafasi hiyo ndiyo watu huiuza kwa sahani ya wali siku ya uchaguzi.

Ukiwa Muhoroni au Kibuye, hesabu hubadilika

Yote niliyoandika yanategemea kwamba maziwa hulipa kila mwezi na wanunuzi ni wengi. Peleka mfano huu kwenye ukanda wa miwa na utavunjika. Miwa inakaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, kiwanda cha kukununulia mara nyingi ni kimoja, na muwa uliokatwa hauwezi kulala wiki mbili barabarani ukisubiri bei. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni) mwaka 2019, wakulima wenye madai hawakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Chama cha wakulima wa miwa kinaweza kuwa na viongozi safi kabisa na bado kikashindwa, kwa sababu pesa za kukopesha hutoka kwa mnunuzi mmoja aliyechelewa kulipa. Kama ningekuwa Muhoroni au Butere, akiba yangu ningeiweka kwenye Sacco yenye walimu, wauguzi na wenye maduka pamoja, si kwenye chama ambacho wanachama wote wananyeshewa na mvua moja. Na kando ya miwa ningeweka ng'ombe mmoja.

Mama anayeuza omena na nyanya Kibuye, Kisumu, hesabu yake ni ya kila siku. Pesa zinaingia asubuhi, jioni zimekwenda kwa mnunuzi wa jumla. Kumwambia aweke amana zisizotolewa kwa miezi 14 ni kumwambia afunge kibanda. Chama cha kila wiki kinamfaa zaidi, na akaunti ya kaunta ya Sacco pembeni, polepole, kwa ajili ya siku atakapotaka kibanda cha mabati. Sina zaidi ya hapo kwa soko. Mimi ni mtu wa ng'ombe.

Kabla hujajiunga

Usiombe kipeperushi. Omba taarifa ya hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na ukurasa wenye mikopo isiyolipwa. Tazama mgao wa faida: chama kikitoa riba kubwa kuliko majirani wote kwenye amana, uliza imetoka wapi, kwa sababu kuna waliowahi kukopa ili wagawe. Uliza hisa zikoje ukitoka, maana hisa hazirudishwi. Unauziana na mwanachama mwingine, na kijijini mnunuzi si rahisi kumpata. Amana hurudishwa. Wengi huchanganya hizo mbili hadi siku ya kuondoka.

Kisha nenda kwenye mkutano mkuu kama mgeni. Unapaswa kufanyika ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kwisha, kwa hiyo nyingi huwa Machi na Aprili. Angalia nani anauliza maswali na anajibiwa namna gani. Nimeona mikutano ambako ajenda ya hesabu ililetwa saa nane mchana, pilau ikinukia nyuma ya hema, na mwenyekiti akisema "si tumeelewana?"

Jirani yangu hakumpata mtamba wa Mau Narok. Aliuzwa Jumanne ileile. Alikasirika nami siku mbili, kisha akaanza kupeleka maziwa ya asubuhi ushirika, yote, malipo yakipitia FOSA, na 3,000 zikikatwa kuwa amana kabla hajaziona. Maziwa ya jioni anampa kijana wa pikipiki, lita tano au sita, kwa ajili ya unga, sabuni na nauli. Watu wa ushirika hawapendi mtindo huo wa kuuza pembeni, na wana haki: tangi la kupozea linakula umeme uleule likiwa nusu. Lakini lori la jioni halifiki upande wetu, na maziwa ya jioni yakilala bila kupozwa hukataliwa asubuhi.

Mwezi wa tano amefika 15,000. Mizani alinunua soko la Wakulima, Nakuru mjini. Wiki iliyopita alinijia tena na daftari lilelile: kadi ya ushirika inasema lita 412, daftari lake linasema 431. Anataka nimwandikie barua kwa kamati ya usimamizi. Nimemwambia aandike mwenyewe, mimi nitasoma tu tahajia.